Mwangalie Sana Siku Hizi

Archie aliachia kiti saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Jumanne, mbele ya wanawake wawili ambao hakuna aliyemzaa. Alisimama katikati ya zulia la kijani, mikono kaipanua, nepi imemshuka upande mmoja, kisha akapiga hatua. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Ya nne ikamshinda, akakaa chini puu, akawatazama kama anayesubiri kuambiwa amefanya nini.

Kalolaine alikuwa akimfuta uji mtoto mwingine, kitambaa kikabaki hewani. Tegan, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akijifunza kazi chini yake, alikwisha kuchomoa simu ya kituo cha kulea watoto apige picha.

"Irudishe," Kalolaine akamwambia.

"Lakini dada Kalo, katembea."

"Mimi sijaona kitu. Na wewe hujaona."

Tegan akairudisha simu mfukoni, akacheka kidogo kwa aibu, maana alikumbuka. Mwezi wake wa kwanza kazini alimkimbilia mama mmoja getini kumpasha habari kwamba binti yake ametembea leo, tena hatua sita. Yule mama alitabasamu, akashukuru vizuri, akamfunga mtoto kwenye kiti cha nyuma cha gari. Halafu akakaa kwenye usukani dakika arobaini bila kuwasha gari, analia. Kalolaine alimwona kwa dirisha la jikoni, akamwita Tegan naye aone.

Siku hiyohiyo akamfundisha sheria ambayo haimo kwenye kitabu cha sheria za kituo. Mtoto akitembea hapa, hajatembea. Akisema neno lake la kwanza hapa, hajasema. La kwanza ni la wenyewe, sisi letu ni la pili. Lakini mzazi asiachwe akapitwa kabisa, kwa hiyo anaambiwa kitu. Kalolaine alimkaririsha Tegan maneno hayo jikoni, kati ya chupa za maziwa, mpaka yakamkaa mdomoni. Unaanza kwa kumwita mama kwa jina la mtoto wake, ili asikie kwamba mtoto ni wake. Unamtazama machoni. Unatabasamu kidogo, usizidishe. Unasema: mwangalie sana siku hizi, naona amekaribia. Basi. Ukiongeza neno moja hapo umeharibu.

Jioni mama yake Archie alipokuja, bado na kitambulisho cha kiwanda cha lozi shingoni, maana yeye ni mhandisi pale, Kalolaine ndiye aliyempokea mlangoni. Akamtazama machoni, akasema: "Mama Archie, mwangalie sana siku hizi. Naona amekaribia."

Yule mama alijiziba mdomo kwa furaha. Na asubuhi ya Jumatano akapiga simu kwa Roslyn, msimamizi wa kituo, kwamba yeye na mumewe wameomba ruhusa kazini mpaka Jumatatu, wote wawili, na wamekubaliwa bila kukatwa hata senti. Wanakwenda kukaa kwenye nyumba yao ya ziwani, wakae sakafuni na mtoto wao, hatua ile isiwapite. Roslyn aliisimulia habari hiyo jikoni huku akitikisa kichwa, akisema wazazi wa namna hii ni wachache. Kalolaine alikuwa anakunja mashuka ya vitanda vidogo. Alifurahi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imefanya kazi. Pia aliona wivu, wivu mtupu wa kuuma meno, na hakujisingizia kwamba ni kitu kingine.

Maana na yeye alikuwa na wake. Luseane alikuwa na miezi kumi na moja, na mama yake alikuwa amemwacha mikononi mwa wifi yake tangu akiwa na wiki kumi.

Kisa cha wiki hizo kumi kila mtu wa visiwa vya Tonga anayeishi mji huu wa Australia anakijua, na kila mmoja anakisimulia kwa namna yake. Mwaka ambao Kalolaine alishika mimba ile, baba yake alikuwa anakufa huko kwao Tonga, kisiwa cha Vava'u. Akaenda. Alimuuguza, akamzika, akakaa amevaa nyeusi na wenzake mpaka siku ya kuivua. Mtu wa kwetu hamwachi baba yake kaburini udongo haujakauka akakimbilia ndege. Aliporudi zilikuwa zimepita wiki kumi na tano. Yeye ni kibarua wa kuitwa kwa simu, kazi yake ikamngoja, akashukuru Mungu, akaona yamekwisha. Tumbo lilipokuwa kubwa akaomba likizo ya uzazi ya serikali, ile yenye malipo, na ofisi ikakuta pengo katika siku zake za kazi. Sheria inavumilia pengo la wiki kumi na mbili; likizidi hapo, hulipwi. Mwanamke wa kwenye simu, baada ya kumsikilizisha muziki kwa robo tatu ya saa, alimuuliza kwa upole kama hakuweza kurudi afanye kazi walau siku moja katikati, halafu aende tena. Siku moja tu ingeliziba pengo.

Kalolaine alikwenda kulisimulia swali hilo kanisani, nyuma, penye sufuria za chai. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke mmoja akauliza kama marehemu naye angeombwa asogeze kufa kwake, wakacheka tena. Lakini wiki ya kumi ilipofika hakuna aliyecheka, na Kalolaine alirudi kazini, maziwa yanamvuja kifuani, kulea watoto wanne wa watu. Mlezi mmoja watoto wanne, ndiyo hesabu ya chumba kile. Wake angekuwa wa tano. Na foleni ya kupata nafasi ilikuwa na majina thelathini na moja, la Luseane likiwa la ishirini na sita. Hata jina lingefika juu, ada yenyewe ilikuwa ya kumkalisha mtu na mumewe mezani wakaulizana wapunguze nini.

Basi mtoto akakaa na wifi Fane, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mnene, mcheshi na mwenye ulimi. Fane alimlea vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona jino, wa kwanza kumwona akikaa, na kila kitu alikitangaza jioni kwa sauti ya mtu anayegawa nyama, bila kujua kwamba kuna sheria ya jikoni. Kalolaine hakumlaumu. Alitabasamu, akaenda kuoga, akafungulia maji kwa nguvu.

Lakini hatua ya kwanza alikuwa ameiwekea nadhiri. Binti yake mkubwa, Meleane, sasa ana miaka saba, alitembea mara ya kwanza nyumbani kwa jirani, na Kalolaine akapata habari kupitia ua, jirani akiwa anaanika nguo. Alijiapia kwamba ya huyu ataiona kwa macho yake, hata iweje. Na Luseane alikuwa tayari anasimama akishika kochi, anaachia mkono mmoja, anaachia wa pili, anahesabiwa moja mpaka tano, anashika tena.

Hapo ndipo ilipokuja Alhamisi. Kamati ya maseneta ilikuwa inazunguka miji kusikiliza watu juu ya likizo ya uzazi na ada za malezi, na siku ya mji wetu ilikuwa Alhamisi hiyo, saa nne, ukumbi wa manispaa. Bronwyn wa chama cha wafanyakazi alikuwa amemwandaa Kalolaine mwezi mzima. Alimpa dakika tano na karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa. Wengine waliopangwa ni maprofesa na waajiri, akasema, mwenye mtoto ni wewe peke yako. Kalolaine aliuliza kama anaweza kuja naye huyo mtoto. Bronwyn aliinamisha macho. Watoto hawaruhusiwi ukumbini, vipaza sauti vinarekodi kila kitu.

Jumatano jioni ikapigwa simu ya msiba. Mjomba wa Fane na wa Semisi, mumewe Kalolaine, kaka wa mama yao, amefariki Melbourne. Kwa desturi yetu Fane, mpwa mkubwa wa kike, ndiye wa kukaa kichwani pa marehemu, na shughuli haianzi bila yeye. Semisi alinyimwa ruhusa kazini kwa kuwa ni mavuno ya lozi, akatoa mikeka na bahasha ya rambirambi. Fane akapanga nguo zake nyeusi huku analia na kutoa amri kwa pamoja. Mlangoni alimgeukia Kalolaine.

"Huyu mtoto yuko tayari, wifi. Jana kaachia nikahesabu mpaka tisa. Ukimpeleka kwa watu kesho, utajilaumu mwenyewe."

Kalolaine alimpigia simu Roslyn, nia yake ikiwa kuomba ushauri, na Roslyn akafurahi kweli kweli. Nafasi ya Archie iko wazi mpaka Jumatatu, akasema, na imekwisha kulipiwa. Mlete Luseane, bure, kwa siku hii moja. Ni zawadi ya kituo. Kalolaine akashukuru. Aliweka simu chini, akamwambia mumewe kwamba anataka kuacha kwenda kwa hao maseneta, abaki nyumbani na mtoto wake.

Semisi alikuwa anavua buti, vumbi la lozi limemjaa mpaka kwenye kope. Hakupandisha sauti. Alimwambia mwaka mzima yeye ndiye analalamika, kwenye gari, mezani, kanisani, sasa ameitwa akalalamike mahali panapostahili, anasema hawezi. "Ni saa sita tu, Kalo," akasema. "Kakaa miezi kumi na moja bila kutembea. Atashindwaje kukungoja saa sita?"

Ikawa hivyo. Alhamisi asubuhi Kalolaine alivaa nguo yake nyeusi ya heshima, akajifunga kiunoni ta'ovala ya marehemu baba yake, mkeka mkuukuu uliochakaa pindoni, kwa kuwa kwa wakubwa hatuendi kiuno kitupu. Kituoni akatia sahihi kwenye daftari la wazazi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale. Tegan akampokea Luseane kwa mikono miwili, akatania kwamba huyu mama mpya anaonekana mkali, lazima kituo kijichunge. Wakacheka. Luseane hakulia hata kidogo. Aliliona zulia la kijani, akataka kushushwa.

Ukumbini alifika saa nne kasoro dakika tano. Alianza profesa mwenye michoro ya rangi. Akaja wa pili, akampinga wa kwanza kwa michoro mingine. Akaja mzee wa chama cha waajiri, akaeleza jinsi anavyowapenda akina mama, kwa kirefu, kabla ya kufika kwenye kwa nini haiwezekani. Saa sita maseneta wakaenda kula. Kalolaine alikaa kwenye kiti cha plastiki na karatasi yake mapajani, mkeka unamchoma mbavu, akawa anahesabu. Saa hii wanakunywa maziwa. Saa hii wanalala. Saa hii wameamka, wamebadilishwa, wako kwenye zulia.

Alipoitwa ilikuwa saa nane na robo, na mwenyekiti akamwomba radhi: ratiba imebana, angeshukuru kama angejitahidi kwa dakika mbili. Kalolaine alitazama karatasi ya dakika tano. Aliikunja.

"Mimi ni mlezi wa watoto wachanga," akasema. "Nimefanya kazi hii miaka tisa. Watoto wengi wa mji huu walitembea mara ya kwanza mbele yangu, na wazazi wao hawajui. Hatuwaambii. Tunawaambia, mwangalie sana siku hizi, naona amekaribia. Wanakwenda nyumbani, wanakaa sakafuni, mtoto anatembea, wanadhani ndiyo ya kwanza. Sisi tunaificha kwa kuwahurumia. Sasa nawauliza nyinyi, nchi gani hii ambayo mtu analipwa kuficha hatua za watoto wa wenzake, na wa kwake hana ruhusa ya kumwona?"

Kulikuwa na seneta mmoja mwanamke, miwani imening'inia kwenye mkufu, ambaye mpaka hapo alikuwa anaandika. Alitabasamu, akainamia kipaza sauti. Alisema jambo hili limemgusa, na kwamba mlezi wa mwanawe wa mwisho naye alimwambia maneno hayohayo, Ijumaa moja, na kweli kesho yake tu mtoto akatembea, jikoni, mbele yake na mumewe. Alikuwa bado anatabasamu alipofika hapo. Halafu tabasamu likamtoka. Kalamu aliyokuwa ameishika ilibaki imesimama juu ya karatasi.

"Ana miaka ishirini na mbili sasa," seneta akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, si kwa Kalolaine.

Mwenyekiti akatazama saa. Akamshukuru shahidi kwa maelezo yake ya kugusa moyo, akamwita anayefuata.

Nje Bronwyn alimkumbatia mpaka mkeka ukalia. Alisema maneno yale yatachapwa kwenye kumbukumbu, neno kwa neno, na ripoti inatarajiwa mwakani, mwishoni mwa mwaka, mambo yakienda vizuri. Kalolaine akapiga hesabu ya haraka kichwani: wakati huo Luseane atakuwa anakimbia na kubishana. Alisema asante, akaenda kwenye gari karibu kwa kukimbia.

Alifika kituoni saa tisa na nusu. Kupitia kioo cha mlango wa chumba chake, kabla hajaufungua, akamwona Tegan akiinuka kutoka kwenye zulia, akijipanga nywele nyuma ya masikio, akipangusa mikono kwenye suruali. Luseane alikuwa amekaa chini, anatafuna kijiko cha mbao. Kila kitu kilikuwa sawa. Tegan akamnyanyua mtoto, akaja naye mlangoni, na miaka yote tisa ya kazi ikamwambia Kalolaine kinachokuja kabla msichana hajafungua mdomo, kwa vile alivyokuwa amenyoosha mgongo.

Tegan alimtazama machoni. Akatabasamu kidogo, hakuzidisha.

"Mama Luseane," akasema. Tangu wajuane hakuwahi kumwita hivyo. "Mwangalie sana siku hizi. Naona amekaribia."

Hakuongeza neno. Alisema vizuri kabisa, vizuri kuliko alivyowahi kusema jikoni, ila macho yalikuwa mekundu.

Kalolaine alimpokea mwanawe. Yalimjia maswali yote kwa mpigo: saa ngapi, hatua ngapi, aliachia kiti au kabati, alianguka upande gani, alicheka? Wakati huo yeye alikuwa anamsikiliza mzee wa waajiri, au alikuwa amekwisha kuanza kusema? Yalimfika mpaka kwenye ulimi. Angeuliza, Tegan angesema, maana alikuwa amebeba mzigo ulio mkubwa kuliko umri wake na alitaka kuutua. Lakini hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyomfundisha binti huyu, na binti amekifanya barabara. Kukivunja mbele yake ingekuwa kumwambia kwamba hata hicho ni upuuzi.

"Asante, Tegan," akasema. "Nitamwangalia."

Akatia sahihi ya kumtoa mtoto. Akamfunga Luseane kwenye kiti cha nyuma, akaingia kwenye usukani, akaweka mikono juu yake. Aliinua macho, akaona dirisha la jikoni, na nyuma ya kioo kivuli cha mtu amesimama, hajiendei popote. Akawasha gari palepale, akaondoka, msichana asije akaanza kuhesabu dakika.

Alilia kwenye barabara ya mashamba, kati ya milozi, akiendesha polepole, malori ya mavuno yakimpita na kumpigia honi. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Luseane nyuma alikuwa anaimba mambo yake.

Semisi alirudi saa kumi na moja. Meleane alikuwa mezani na daftari la shule, chungu cha lū kinanukia, nyama na nazi na majani, chakula cha kumpongeza mtu, maana ndivyo Semisi alivyokuwa ameagiza asubuhi. Alisimama mlangoni na buti zake, akauliza maseneta wamesemaje. Kalolaine akamjibu kwamba wamesikiliza, mmoja wao alisikiliza sana, na ripoti ni mwakani. Semisi akasema unaona. Akasema alijua mkewe atawanyamazisha. Alikuwa na fahari ya kweli, na uchovu wa kweli, na mchanga kwenye mikunjo ya shingo.

"Na huyu?" akauliza, akimwelekezea kidole Luseane, aliyekuwa amesimama kando ya kochi. "Kakusubiri?"

Kalolaine alikuwa anafungua mafundo ya mkeka wa baba yake. Vidole vikasimama. Angeweza kumwambia. Angeweza kumrudishia zile saa sita zake, moja moja, mpaka ashindwe kula. Alimtazama mumewe, mtu ambaye naye hakuwahi kuona jino wala kukaa wala chochote, ambaye hakujua hata kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Akatabasamu kidogo.

"Baba Luseane," akasema. "Mwangalie sana siku hizi. Naona amekaribia."

Semisi aliangalia saa ya ukutani, kama mtu aliyeambiwa basi linakuja. Akamwita Meleane aache daftari, aje haraka. Akapiga magoti sakafuni na buti zake zote, akafungua mikono, kiganja kimoja kina plasta, akaanza kumwita mtoto kwa majina yote anayomwita. Meleane akakaa kando yake. Luseane akaachia mkono mmoja. Akamtazama baba yake, akamtazama dada yake, halafu akageuza kichwa kumtafuta mama, aliyekuwa amesimama nyuma yao wote, mkeka mkononi, tayari kupiga makofi.